Tumefungia mwizi nje, sasa moto ukishika tutatokea wapi?

Watu wa Nairobi tukienda kuangalia keja maswali yetu ni yale yale. Maji iko siku ngapi kwa wiki, stima ni ya tokeni ama mnagawana bili, halafu linakuja lile kubwa, sikiuriti iko aje? Hapo tunaangalia kama madirisha yana grili, kama mlango ni wa chuma, geti linafungwa saa ngapi, kuna soja ama hakuna, na ukipata zote ziko unatoa dipoziti roho ikiwa imetulia. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza landilodi, moto ukishika hapa chini saa nane usiku mimi na watoto tutapitia wapi. Hilo ndilo swali nataka tukae nalo leo, juu linanisumbua sana na naona hatuliongelei mpaka kuwe na matanga.

Wacha niseme mapema, sisemi grili zitolewe. Mtu ameishi Umoja ama Kayole ama Githurai anajua vile kuko. Ukiacha dirisha la chini wazi usiku kuna mtu atapitisha fimbo ndefu imefungwa ndoano ya waya mwishoni, avute suruali yako na simu ikiwa ndani ya mfuko, na wewe umelala hapo hapo hujui. Wizi uko na watu wameumizwa wakiwa kwao. Kile nasema ni kwamba tumepanga mambo ya mwizi peke yake, na karibu kila kitu tunafanya ili yeye asiingie kinatuzuia sisi kutoka. Haya mambo mawili yafaa yapangwe pamoja, siku moja, na fundi mmoja.

Chukua bedsita ya kawaida. Mlango ni mmoja, dirisha ni moja, na meko imewekwa hapo karibu na mlango juu ndipo sinki iko. Sasa moto wa nyumba mara nyingi unaanzia jikoni, kwa hivyo unaanzia kati yako na mlango. Dirisha lina vyuma. Huna pengine pa kwenda. Kama unaishi kwa nyumba kama hiyo kitu cha kwanza unaweza kufanya leo jioni bila kulipa mtu ni kubadilisha mpangilio, meko iende upande ule mwingine, kitanda kikae mahali ukiamka unaufikia mlango bila kupita jikoni. Haiwezekani kwa kila nyumba, zingine ni ndogo kabisa, lakini angalia kwanza kabla useme haiwezekani.

Kwa mashule hili somo lilishaandikwa kwa damu. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos lilichomwa usiku, wanafunzi 67 wakafa, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema waziwazi madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje, na isifungiwe nje watoto wakiwa ndani. Bado tumezika wengine, Moi Girls hapa Nairobi Septemba 2017, Hillside Endarasha kule Nyeri Septemba 2024 wavulana 21. Kila mara inatokea tunauliza kwa uchungu watoto walifungiwa aje, halafu jioni tunaingia kwa nyumba zetu tunafunga grili kwa kufuli, ufunguo unaingia kwa mkoba, mkoba unaingia kabatini, watoto wanalala.

Nilienda kuongea na fundi mmoja wa jua kali anayetengeneza madirisha na milango kando ya barabara, nikamuuliza kama anaweza kutengeneza grili inayofunguka. Akazima mashine akaniangalia. "Mkubwa, hiyo watu hawaulizi. Wanauliza kama chuma ni nzito." Lakini anajua kuitengeneza vizuri sana na alinionyesha kwa chaki hapo chini kwa simiti. Grili yote inakaa vile inakaa, ila kipande kimoja kinakatwa upana wa kupitisha mabega ya mtu mzima, kinawekwa bawaba mbili upande mmoja, upande ule mwingine kuna sehemu ya kufuli iliyozungushiwa kibati ili mtu wa nje akivunja kioo mkono usifike. Kinafunguka kwa ndani, juu haya madirisha yetu ya chuma vioo ndivyo hufunguka kwa nje. Na akasema kitu mimi sikuwa nimefikiria kabisa, hicho kipande lazima kilingane na kioo kinachofunguka. Kuna watu wamewekewa kimlango cha grili kizuri halafu nyuma yake kuna kioo kilichofungwa na simiti milele, ama kile kinachofunguka ni kidogo cha juu hata paka anapita kwa shida. Kwa hivyo ukienda kwa fundi chukua vipimo vya kioo pia. Na dirisha la kutokea usiliwekee kabati mbele, wala kochi zito la watu watatu.

Ufunguo wa hiyo kufuli ndio kazi sasa. Uwe na mahali pake, msumari kwa ukuta, chini kiasi mtoto wa darasa la tatu anaufikia, na usionekane wala kufikiwa na ile fimbo kutoka dirishani. Usihame hapo. Usiwe kwa mkoba wa mama wala kwa mfuko wa koti la baba, juu siku ya moshi hakuna mtu atakumbuka ni koti gani. Halafu jaribuni mkiwa mmezima taa. Kabisa, zimeni taa zote usiku, kila mtu aanzie kitandani kwake, mtambae mpaka kwa ufunguo, mfungue, muone. Watoto wataona ni mchezo na hiyo ni sawa, mwili ndio unajifunza. Waambie watambae juu moshi unapanda, hewa nzuri iko chini karibu na sakafu, na moshi ndio huua wengi hata kabla moto wenyewe haujawafikia. Ukitoka chumba vuta mlango ufunge nyuma yako, mlango uliofungwa unachelewesha moto sana.

Kwa mlango mkubwa maoni yangu ni haya, ukiwa ndani usiku tumia komeo, sio kufuli ya funguo. Komeo moja juu na lingine chini, za chuma nzuri, mahali hakuna kioo karibu, mwizi aliye nje hana namna ya kuyafikia na wewe uliye ndani unayafungua gizani kwa mkono mtupu. Ya chini hata mtoto anafungua na ya juu mwonyeshe stuli. Kufuli ni ya kufunga ukitoka kwenda kazi. Watu wengi tunafunga komeo, tunafunga kitasa, halafu tunaongeza kufuli kwa ndani, na ile kufuli ya ndani kwa kweli haimwongezei mwizi shida yoyote ambayo komeo mbili hazijampa tayari.

Kuna jambo lingine gumu kusema lakini nitasema. Kuna akina mama wanafungia watoto ndani kwa nje wakienda kuuza mboga ama kufua kwa watu. Siwahukumu hata kidogo, anaogopa mtoto kuibiwa, anaogopa mtoto kutangatanga barabarani, na akikosa kwenda hiyo siku hakuna chakula. Lakini moto ukishika mchana na kufuli iko nje, jirani atavunja mlango wa chuma na nini? Ufunguo wa pili ubaki na mtu. Jirani unayemwamini, mama wa duka la chini, mtu ambaye huwa hatoki siku nzima. Na huyo mtu ajue ni watoto wangapi wako ndani. Na kama wewe ndiye jirani wa nyumba kama hiyo usingoje kuombwa, nenda mwambie, mama, niachie ufunguo mmoja, niko hapa mchana wote.

Tutoke kwa nyumba tuingie kwa jengo. Hizi flati zetu za orofa tano sita kuna ngazi moja, na ukipanda mpaka juu kuna mlango wa paa. Huo mlango umefungwa. Ukiuliza ni kwa nini unaambiwa nguo zilikuwa zinaibiwa kwa kamba, na ni kweli zilikuwa zinaibiwa, mtu anaanika jeans asubuhi jioni anapata vibanio tu. Kwa hivyo msimamizi akafunga na ufunguo anao yeye, na yeye analala orofa ya chini ama haishi hapo hata. Halafu ukishuka chini ya ngazi unapata pikipiki zimelazwa ndani, pia ni juu ya wezi, kila moja na petroli kwa tangi, zimeegemezana hapo hapo mahali kila mtu wa jengo lazima apite. Angalia hiyo picha vizuri. Petroli iko kwa mlango wa chini na kufuli iko kwa mlango wa juu, na katikati kuna familia zote hizo. Kila kitu kimewekwa na mtu mwenye nia njema anayelinda mali ya watu.

Inatatulika. Pikipiki zifungwe nyororo pamoja kwa chuma kilichopandwa simiti nje penye taa, watu wa boda wachange kidogo waongezee soja. Mlango wa paa uwekwe komeo upande wa ndani, mtu akipanda ngazi afungue, na nguo zitolewe jioni kabla giza, wezi wa nguo wengi ni watu wa kupita tu. Jerikeni, mikokoteni, kochi kuukuu, zote zitoke kwa ngazi. Lifti kama mnayo isitumiwe moto ukiwaka. Ukipata ngazi imejaa moshi na wewe uko orofa ya nne usilazimishe kushuka, rudi ndani, funga mlango, lowesha shuka ama taulo uzibe pale chini ya mlango, simama dirishani upunge kitambaa cheupe ama tochi ya simu na upige simu useme uko nyumba gani.

Kuhusu dirisha kuna jambo watu wa umri fulani hapa mjini hawawezi kusahau. Tarehe 7 Agosti 1998 pale ubalozi wa Marekani, kabla bomu lenyewe kulipuka kulisikika milio na kishindo kidogo, na watu wengi kwa ofisi za karibu wakakimbia dirishani kuona ni nini. Halafu bomu likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Watu 213 waliuawa siku hiyo na kuna wengi walitoka hai lakini bila macho. Ukisikia mlipuko enda mbali na kioo, lala chini, utaona baadaye.

Na gesi pia inaingia kwa hii hadithi ya wezi, juu mtungi ungekaa vizuri zaidi kwa balkoni penye hewa lakini mitungi huibiwa huko, kwa hivyo tumeileta ndani na tukafunga madirisha. Gesi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inashuka inatulia sakafuni, inaingia chini ya kitanda, inangoja cheche. Yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili ujue, kwa hivyo ukiisikia iamini. Usiwashe taa na usizime taa, swichi ni cheche. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu, kisha piga simu ukiwa nje. Ukibadilisha mtungi paka povu ya sabuni kwa regileta na paipu, ukiona mapovu yanakua hapo panavuja, na tafadhali usipime na kiberiti kama vile wengine hufanya. Na mitungi inayojazwa vichochoroni kwa bei ya chini, achana nayo. Tuliona Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka mahali ambapo gesi ilikuwa ikijazwa bila leseni katikati ya makazi ya watu, zaidi ya 200 wakaumia, wengi wao walikuwa kwao tu wamelala ama wanakula. Ukiwa na kiwanda cha namna hiyo nyuma ya nyumba yako piga kelele kabla, andikeni barua, muende kwa chifu mkiwa wengi.

Mafuta yakishika moto kwa sufuria usimwage maji, yataruka nyumba nzima. Zima gesi, funika na kifuniko, acha ipoe hapo hapo. Mtu akiungua weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio unga, sio yai. Pasi ndio adui wa tokeni, stima inaisha ukipiga pasi, unaacha imechomekwa, unatoka, mtu wa nyumba ananunua tokeni akiwa kazini na pasi inawaka peke yake juu ya shati. Chomoa kila kitu stima ikipotea.

Jiko la makaa ndilo linaniumiza zaidi juu linaua bila moto. Juni na Julai baridi ya Nairobi inaingia mpaka mifupa, watu wanaingiza jiko ndani wapate joto, na dirisha limefungwa juu ya baridi na juu ya wezi. Ile hewa ya sumu haina harufu na haina rangi. Inakuja kama usingizi. Makaa yakiwa mekundu bila moshi ndio watu hufikiri yako salama na ndio hapo sumu iko. Jiko lilale nje, blanketi ziongezwe, nguo mbili mbili na soksi, lakini jiko lisilale na watu.

Zima moto wakiitwa kuna shida zingine mbili tunaweza kupunguza sisi wenyewe. Nambari ni 999 ama 112, Msalaba Mwekundu ni 1199, ziandikwe kwa ukuta sio kwa simu pekee. Nyumba zetu nyingi hazina anwani kwa hivyo usiseme njooni haraka tunaungua, sema steji, sema kanisa ama shule ama petroli stesheni ya karibu, sema rangi ya jengo, na mtu mmoja akimbie mpaka barabara kubwa asimame hapo aongoze gari. Ya pili ni zile geti za mtaa. Mitaa mingi imeweka geti kwa kila koti, yaani kila kundi la nyumba, zinafungwa saa nne usiku, zingine ni chuma cha kulazwa barabarani, na ufunguo uko na soja ambaye saa hiyo ameenda raundi. Gari la zima moto linapiga king'ora nje ya geti na nyumba inaungua ndani. Watu wawili zaidi wanaoishi karibu na geti wawe na ufunguo, na lile geti la pili la nyuma ambalo halifunguliwi tena likaguliwe kama kufuli yake haijashika kutu.

Tena wezi huja na moto. Mtu anakuja kusaidia kubeba TV na TV haionekani tena, na hiyo ndiyo hufanya watu warudi ndani ya nyumba inayoungua kulinda vitu. Kwa hivyo pangeni mapema vijana wawili watatu wanaojulikana wasimame na vitu nje, wengine wote wasaidie watu. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vya shule, stakabadhi za shamba, ziwe kwa mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango, mahali pa juu, na picha zake ziwe kwa simu ya ndugu yako wa mbali. Waliopitia mafuriko ya Aprili na Mei 2024 kule Mathare watakuambia vile ni kazi kuanza kutafuta cheti cha mtoto upya. Filimbi pia ni muhimu, lakini mkubaliane, mlio mrefu mmoja ni mwizi kaeni ndani mwashe taa, mifupi mifupi bila kuacha ni moto tokeni. Zikiwa sawa watu watajifungia siku ya moto.

Kwetu kwa ploti tunakutana Jumamosi hii saa kumi jioni pale chini penye mabomba. Ajenda ni ufunguo wa paa, mahali pa kufunga pikipiki, mchango wa mtungi mmoja wa kuzima moto kwa kila orofa, na nani atamshusha yule mzee wa orofa ya tatu anayetembea na mkongojo. Landilodi ameitwa na amesema atakuja. Kama ploti yenu mlishafanya kitu kama hiki niandikieni mlianza na gani, na hasa ile ya pikipiki, juu hapo najua watu wa boda watakuwa na maneno na wana haki ya kuyasema.